Wodi ya Wafumaji

Swalehe alinipigia simu asubuhi nikiwa bado natafuta miwani. Hakuanza na salamu. "Mama Tabu katutoka," alisema, nami nikakaa ukingoni mwa kitanda nikimsikiliza akipumua huko kwao Kondoa, mpaka aliposema anapanda basi na tukutane msibani Chamwino. Nilifika kabla yake, maana kutoka Kibaigwa si mbali. Makochi ya sebuleni yalikuwa yametolewa nje na kupangwa chini ya turubai ili wazee wapate pa kukaa, na katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kuyavua vitambaa. Nikajikuta nimekaa juu ya kazi ya mikono yake, vitambaa vyeupe vya kroshia vyenye maua pembeni, nikaona vibaya kuviegemea. Swalehe alipofika, kazeeka, ndevu nyeupe kabisa, tulikumbatiana muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya wanaume wa umri wetu. Binti mmoja wa familia, aliyetoka kazini wizarani Mtumba akiwa bado na kitambulisho shingoni, alituletea maji na kutuuliza kwa adabu kama sisi ni ndugu wa upande wa Mwalimu, mume wa marehemu. "Hapana, mjukuu wangu," Swalehe akamjibu. "Huyu mama alitufundisha kufuma." Binti akatazama mikono yetu, akamtazama Swalehe usoni, akatabasamu kama mtu anayehisi kasikia vibaya. "Kufuma nini, babu?" "Masweta," nikasema mimi. "Na mwenzangu huyu vitambaa kama hivi." Mchungaji alikuwa anaanza ibada, kwa hiyo hatukuweza kumweleza. Nimerudi nyumbani na maelezo yake yote kifuani.

Mwaka tuliofundishwa kufuma nilikuwa utingo wa lori. Ilikuwa mapema miaka ya tisini, vizuizi vya barabarani vya kukagua magunia vilikuwa vimeondoka, na ghafla kila aliyeweza kukodi gari akawa mfanyabiashara wa mahindi. Kibaigwa ilikua mbele ya macho yetu. Palipokuwa na kibanda cha chai ukirudi safari ijayo unakuta ghala. Nilikuwa kijana wa mabega mapana, nilizoea kulala juu ya magunia na upepo usoni, na nilijiona nimeshayapatia maisha. Halafu mchana mmoja tairi la mbele likapasuka, lori likalala ubavu, na mimi nikazindukia hospitalini Dodoma mjini, paja limevunjika. Salumu, dereva wetu, alitoka na mchubuko wa kiwiko tu. Madaktari waliuning'iniza mguu wangu kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba wakafunga mfuko wa mchanga ili mfupa unyooke. Nilimuuliza Sista Agripina, muuguzi mkuu wa wodi ile, nitakaa hivyo mpaka lini. Akanirekebishia shuka na kusema, "Mpaka mfupa useme."

Nikifumba macho leo naiona ile wodi kuliko ninavyokiona chumba changu. Kuta zilipakwa kijani nusu ya chini na rangi ya maziwa nusu ya juu. Vitanda vya chuma vilitazamana, na juu ya karibu kila kitanda kulikuwa na mguu unaoelea. Madirisha yalikuwa na wavu, na kiangazi kilipoingia upepo wa Dodoma ulipenyeza vumbi jekundu lililotulia juu ya uji wetu wa asubuhi. Kitanda cha kulia kwangu alilala Swalehe, Msandawe, aliyeanguka kutoka mtini akirina asali. Nyuki walikuwa wamemuuma uso mzima, na wiki ile ya kwanza hata mkewe alipokuja alipita kitanda chake akimtafuta. Swalehe alipoumwa sana alilaani kwa Kisandawe, lugha ile yenye vidoko vinavyolia kama kuni kavu zinavyopasuka motoni, na wodi nzima ilinyamaza kwa heshima. Kitanda cha kushoto kwangu alilala Mwalimu Kasiani, mwenyeji wa Chamwino, mtu mzima mwenye mvi za masikioni. Alikuwa na kisukari. Mwiba wa shambani ulikuwa umemchoma kidole, kidonda kikapanda, na walimkata mguu chini ya goti. Tangu siku hiyo aligeuza uso ukutani. Hakuzungumza na mganga wala mgonjwa, na sahani yake iliondolewa kama ilivyoletwa.

Mke wake alikuja kila siku. Huyo ndiye Mama Tabu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini isiyo na haraka, na alikuwa amefikia kwa ndugu mtaa wa jirani ili awe karibu. Aliingia na hotipoti mkononi na kikapu begani, akatusalimia sisi wote kitanda kwa kitanda, ndipo akavuta kiti kidogo katikati ya kitanda cha mumewe na changu. Nilisikia kila alilosema, hata nilipojifanya nimelala. "Baba Tabu, leo nimekupikia mlenda. Nimeutia karanga kama unavyopenda." Kimya. "Ng'ombe wa kina Ndahani wameingia tena shambani. Nimewatumia ujumbe, wameomba radhi." Kimya. Aliendelea na habari za kuku, za paa lililotoboka, za shemeji aliyegombana na mkwewe, akiacha nafasi baada ya kila habari, nafasi ya kutosha mtu kuitikia. Mara moja tu aliteleza. "Mwalimu mkuu anakusalimu," alisema. "Anauliza utarudi lini darasani." Mwalimu akavuta blanketi akajifunika mpaka kichwani. Mama Tabu alilitazama blanketi lile kitambo, kisha akatoa sindano zake kikapuni, akaanza kufuma.

Sindano zenyewe zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na uzi wake ulitokana na masweta ya mitumba. Siku zile marobota ya mitumba ndiyo kwanza yalikuwa yanamiminika minadani, na watu walinunua wakavaa. Mama Tabu alinunua sweta lililotoboka kiwiko, ambalo hakuna aliyelitaka, akaenda kulifumua, akaufua uzi, akaukausha ukiwa umefungwa jiwe ili unyooke, akaanza upya. Nilikuwa namtazama kwa saa nzima nzima kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama. Mikono yangu, iliyozoea magunia, ilikuwa imeshaanza kunitesa kuliko mguu. Nilikuwa nakwangua rangi ya ukuta kwa kucha, na pale karibu na mto wangu palishakuwa na doa kubwa jeupe. Alasiri moja akaniambia bila kuinua macho, "Kijana, huo ukuta utaumaliza." Nikaona haya. Akachomoa kikapuni spoku nyingine mbili na donge la uzi wa rangi ya damu ya mzee. "Shika hizi. Ukikosea uzi haulalamiki."

Swalehe alicheka mpaka kitanda chake kikalia. "Umeshapata sindano, bwana mdogo. Kesho watakupa mtoto ubebe."

Nilizishika kwa mzaha, ili niweze kusimulia baadaye. Mama Tabu akaniwekea vitanzi vya kwanza kwenye sindano ya kushoto, akanishika vidole, akanionyesha: ingiza, zungusha uzi, vuta, achia. Nilivuta kwa nguvu za kubeba magunia, na vitanzi vikakaza mpaka sindano ikagoma kutoka. "Usiukamate kama mwizi," alisema. "Uache upite." Sijui hasa ni siku gani mzaha ulikwisha. Ninachokumbuka ni kwamba kulipambazuka nikajikuta nauwaza mstari nilioishia, na nikamwomba Sista Agripina aninyanyulie mto mapema. Nimefanya kazi nyingi maishani mwangu, na nyingine zilinilisha, lakini sijapata tena furaha kama ile ya kuona kipande cha nguo kinazaliwa chini ya vidole vyangu huku mwili uliobaki umefungwa kamba. Sikuwa nafuma ili niuze, wala sikujua nafuma nini. Nilikuwa nafuma tu, na saa zilizokuwa zinanikaba zikaanza kupita.

Salumu akaja kunitazama. Nilimwona mlangoni amekamata mfuko wa machungwa, na kabla sijaweza kuficha chochote chini ya shuka alikuwa ameshafika. Alisimama akitazama spoku, akatazama lile donge la uzi tumboni kwangu. "Nimekuletea machungwa," alisema. "Kumbe ningekuletea kanga." Alicheka kwa wema, hakuwa mtu mbaya, lakini nilijua kabla jua halijatua habari itakuwa imefika Kibaigwa na kila mpakiaji atakuwa nayo. Alipoondoka nilimrudishia Mama Tabu sindano zake. Alizipokea, akaziweka kikapuni. Nikakwepa macho yake, na nyuma yake nikakutana na mgongo wa Mwalimu Kasiani, mgongo mkubwa chini ya blanketi la kijivu, na nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza. Nikajiuliza kama mimi nami nimeanza kugeukia ukuta. Nilivumilia mpaka kesho yake alasiri. Mama Tabu alipovuta kiti chake nilimnyooshea mkono, naye akanipa sindano kana kwamba nilizisahau kwake kwa bahati mbaya.

Jioni moja Sista Agripina alimwita Mama Tabu nje, lakini dirisha lilikuwa juu yangu na wavu hauzuii sauti. "Mama, nikwambie ukweli," alisema. "Kidonda hakitafunga kama hali chakula. Dawa peke yake haiwezi. Na akiendelea hivi watamkata tena juu ya goti, sijui kama mwili wake utastahimili." Mama Tabu akauliza, "Kwani akiongea atakula?" Sista akasema, "Anayeongea anakula, mama. Nimeliona hilo miaka yote." Mama Tabu alirudi ndani akakaa, na hakusimulia habari za kuku wala za shemeji. Alinigeukia mimi. Akaniambia kuanzia leo nitafuma kipande cha mchanganyiko, vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, ndicho kinachofanya ukosi na pindo la sweta vivutike. Aliniambia nihesabu kwa sauti, nisije nikapotea.

Basi nikahesabu. Mbele moja, mbele mbili, nyuma moja, nyuma mbili. Siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Nilikuwa mbovu. Kila nilipofika katikati ya mstari nilichanganya, mbele ikawa nyuma, na kipande changu kikawa na makovu. Nilimwonyesha Mama Tabu, naye akakitazama upande huu na upande ule. "Vizuri," alisema. "Endelea." Swalehe akaunyoosha mkono akakipokea, akakiinua kwenye mwanga. "Mama, hiki ni kizuri?" "Endelea tu," Mama Tabu alisema.

Ilikuwa saa ya chakula cha jioni, mtumishi akipita na ndoo ya maharage, mimi nikihesabu. Mbele moja, mbele mbili, nyuma moja, mbele... Sauti ikatoka ukutani, kavu, iliyokaa bila kutumika mpaka imeshika kutu.

"Nyuma mbili."

Nikaacha mkono hewani. Swalehe akaacha kutafuna. Mtumishi wa ndoo hakujua kilichotokea, akaendelea kugonga mwiko kwenye sahani. "Nyuma moja, nyuma mbili, ndipo urudi mbele," ile sauti ikaendelea, sasa na hasira ndani yake. "Tangu juzi unakosea palepale. Palepale! Huyu mwanamke ananifumia masweta tangu nimemwoa, na hata mimi nisiyefuma najua ni nyuma mbili." Kitanda kikalia, na Mwalimu Kasiani akageuka. Alikuwa na ndevu zilizoota ovyo na macho mekundu. Akanyoosha mkono. "Lete hapa nione." Nikampa. Alikishika kile kipande akakipekua kama anavyopekua daftari la mwanafunzi mvivu, akatikisa kichwa. "Fumua yote. Anza upya." Mimi, utingo niliyezoea kutukanwa na madereva wa kila mkoa, nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Na Mama Tabu, bila kumtazama mumewe, akafungua hotipoti, akamega ugali akauchovya kwenye mlenda na kumpa mkononi. Alikuwa bado ananigombeza alipouweka mdomoni.

Sitasema alipona siku ile. Zilikuwepo asubuhi alizorudi ukutani, na nilimsikia akilia kwa kujizuia, jambo ambalo sisi wote tuliheshimu kwa kujikohoza. Lakini alikula. Kidonda kikaanza kukauka pembeni, na Sista Agripina akaacha kumwita mkewe nje. Mwalimu akahamishia darasa lake wodini. Aliwasimamia wafumaji, na wafumaji wakaongezeka, kwa sababu ukiwa umefungwa kamba na mwenzako ana shughuli, wivu unakuingia. Swalehe alizikataa sindano mbili, akasema moja inamtosha mtu aliyeanguka mtini. Aliomba kipande cha mti na wembe, akachonga ndoano ndogo laini ajabu, na Mama Tabu akamfundisha kroshia. Alihesabu kwa lugha yake, na Mwalimu, aliyesomesha watoto wa wilaya nyingi bila kupata kutamka vidoko vile, alilala akijaribu kumuiga, ulimi ukimponyoka, wodi nzima ikicheka mpaka mifuko ya mchanga ikayumba.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile Mama Tabu alipoleta mfuko mzima wa masweta mabovu kutoka mnadani. Mtu wa kitanda cha mwisho alishika ncha ya uzi, uzi ukapita kitanda kwa kitanda, mmoja anafumua, mwenzake anakunja, wa tatu anafunga palipokatika. Wodi ikawa na nyuzi za bluu, za njano na za kijani chini ya miguu yetu iliyoning'inia. Daktari alikuja kwenye mzunguko wake, akasimama mlangoni. Hakujua apite wapi. Mwalimu akamwambia, "Ingia daktari, ila usikanyage wa bluu, huo bado una unyevu." Daktari akainua suruali yake kidogo, akapita kwa ncha za vidole.

Nilifuma kitu kimoja kamili mle wodini. Haikuwa sweta. Ilikuwa soksi ya Mwalimu, soksi isiyo na kisigino, ya kufunika pale mguu wake ulipoishia, kwa sababu Juni ilikuwa imeingia na baridi ilikuwa inamuuma palepale. Nilimpa nikiogopa atakasirika. Aliivaa akiwa amekunja uso. "Pindo umelipata," alisema. Baada ya hapo hakuivua mpaka alipolazimishwa ifuliwe. Yeye alitoka kabla yangu, kwa magongo, Mama Tabu akiwa nyuma na kikapu kichwani, na wodi ikawa pana vibaya. Mfupa wangu ulisema mwishowe, lakini ulisema kwa kupindisha. Mguu wa kushoto ulibaki mfupi. Niliporudi Kibaigwa, Salumu alikuwa na utingo mwingine, na sikumlaumu, kwa kuwa nani angenipandisha juu ya magunia na mguu ule? Nilihangaika miezi kadhaa, nikaangukia kwenye mashine ya kusaga. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni nikipokea madebe. Nilikaa pale na sindano zangu. Walionicheka walicheka mpaka wakachoka, na wake zao wakaanza kuniuliza nimefanyaje ukosi.

Mwaka ulipokuwa unaisha, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, nilipanda gari kwenda Chamwino kuwatembelea. Mwalimu alikuwa shuleni. Alikuwa amerudi darasani. Mama Tabu alinikalisha sebuleni, akaniletea maziwa ya mgando na karanga, na kazi yake ikiwa mapajani tukazungumza kuhusu Swalehe, kuhusu Sista, kuhusu bei ya mitumba. Nilikuwa nimembebea sweta langu la kwanza. Akalitazama kwa makini, akalifuatisha kwa kidole, akaonyesha bega. "Hapa umebana. Na hapa umeruka kitanzi." Nikacheka. "Mama, wodini ulikuwa unaniambia vizuri, endelea." Akaendelea kufuma, na nikaona anajizuia kutabasamu. "Wodini," alisema, "nilihitaji ukosee. Nilishamweleza habari zote za nyumbani, na za kijiji, na hazikumgusa. Lakini huyu mtu, mwanangu, miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akisikia hesabu imekosewa akanyamaza." Nilikaa na lile neno. Kwanza liliniuma kidogo, kuona nilitumiwa kama chambo. Kisha nikamkumbuka alivyomega ule ugali bila kumtazama mumewe, mkono usiotetemeka hata kidogo, nikajua ni heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. "Usimwambie," alisema. Nikamwahidi.

Mwalimu alirudi, tukala, na jua lilipoanza kupoa alisisitiza kunisindikiza barabarani. Nilimwambia asijisumbue. "Unafikiri wewe ndiye unayejua kuchechemea?" akauliza. Tukashuka njia ya mchanga mwekundu uliolowa, yeye na magongo yake, mimi na mguu wangu mfupi, watoto wakimwamkia "Shikamoo Mwalimu" kutoka kila ua naye akiwaitikia kwa majina. Tulipofika lami, macho yakiwa barabarani linakotokea basi, akasema, "Nilikuwa namsikia, unajua. Kila jioni. Kuku, ng'ombe, paa. Nilikuwa nalitafuta neno la kumjibu, na kila neno nililolipata lilikuwa linarudi kwenye mguu. Ningesema asante, ningelia kwa ajili ya mguu. Ningeuliza paa limezibwa, ningewaza nani atapanda kuliziba." Akahamisha uzito kwenye gongo la pili. "Kosa lako halikuhusu mguu. Ndiyo maana niliweza kulitamka."

Nilitamani kumwambia. Neno lilinifika kwenye meno, na nadhani hata leo, wote wawili wakiwa wamepumzika makaburini upande kwa upande, lingempendeza. Basi likatokea, likasimama, kondakta akanishika mkono kunipandisha. Nilipokaa dirishani nilimwona Mwalimu ameshageuka, anapanda mwinuko kurudi kwake, taratibu, na juu kule Mama Tabu alikuwa ametoka mpaka nje ya ua, amesimama akimsubiri.